Mnaomaliza chuo nje: mmeagana na watu wenu? Yaliyonikuta Wuhan

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia Juni, vijana wetu wa mwaka wa mwisho kule China wanajaa kwenye magrupu wakiulizia tiketi, kilo za mabegi, agenti wa mizigo Guangzhou na namna ya kupeleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kikatambuliwe. Wanauza majiko ya umeme, magodoro na baiskeli. Sijawahi kuona hata mmoja anauliza: hawa watu niliokaa nao miaka minne, mitano, naachana nao vipi? Hata mimi sikuwahi kuuliza. Nilijifunza kwa namna iliyoniuma, ndiyo maana naandika. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Nilifika Wuhan Septemba 2017. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, halafu miaka minne ya uhandisi ujenzi. Chumbani nilipangwa na jamaa wa Zambia, mtoto wa Lusaka. Mimi nasema ugali, yeye anasema nshima, sufuria ni moja. Baridi ya Wuhan ina majimaji, inaingia mpaka kwenye mifupa, na jioni za Desemba tulikuwa tunapika kwa zamu huku tumevaa makoti mlemle ndani. Ile sufuria niliiunguza mimi wiki ya tatu tu, ikabaki na doa jeusi chini ambalo hakuna steel wire iliyoweza kulitoa. Akawa kila akiiosha ananionesha lile doa, anacheka.

Sasa Novemba 2019 nikamkopa yuan 400. Januari mitihani ilipoisha, anajiandaa kwenda kwao likizo ya mwaka mpya wa Kichina, akaziulizia ili alipie begi la pili. Sikuwa nazo. Badala ya kusema sina, nikamjibu vibaya, kwamba ananidhalilisha kwa hela ndogo. Haikuwa ndogo kwake wala kwangu. Tukakaa siku tatu hatusemeshani, kwenye chumba ambacho kutoka kitanda kimoja hadi kingine ni hatua mbili.

Jumatatu tarehe 13 Januari 2020, saa kumi na nusu alfajiri, nikasikia anafunga zipu ya begi. Anaivuta kidogo, anasimama, anaivuta tena, asiniamshe. Nilikuwa macho, nimegeukia ukutani. Akaja, akaweka mkono kwenye ukingo wa kitanda changu akasema, "Ndugu yangu, mimi naenda." Nikaendelea kuhema kama mtu aliyelala. Mlango ukafungwa polepole. Nikajiambia atarudi mwezi wa pili, tutayamaliza.

Siku kumi baadaye, tarehe 23 Januari saa nne asubuhi, Wuhan ikafungwa. Treni, ndege, vivuko, mabasi, vyote vikasimama. Ikakaa hivyo siku 76. Na tarehe 28 Machi China ikawafungia mipaka wageni karibu wote, hata wenye kibali cha ukaazi. Mwenzangu hakurudi tena. Alimalizia shahada yake Lusaka kwenye simu. Kipindi cha saa mbili asubuhi Wuhan kwake kilikuwa saa nane usiku.

Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Wakati tumefungiwa bwenini, mama alikuwa ananipigia kila siku kutoka Tanga. Siku moja akaniulizia yule kijana wa Zambia, kwa sababu alishazoea kumwona kwenye video akimsalimia "mama shikamoo" kwa Kiswahili nilichomfundisha. Nikamweleza yote, hadi nilivyojifanya nimelala. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hamkutakana buriani?"

Sisi wa pwani tunalijua hili neno, ila vijana wengi siku hizi wanadhani buriani ni ya msibani tu. Mtu akisafiri safari ya mbali anapita kwa majirani na ndugu kutaka buriani, yaani kuomba radhi: nilichokukosea unisamehe, ulichonikosea nimekusamehe, ninachodaiwa nakijua. Bibi yangu alikuwa akienda hata Unguja tu anapita nyumba kwa nyumba. Ndivyo kuaga kulivyo hasa. Picha na keki zinafuata baadaye.

Nilimpigia yule Mzambia usiku uleule. Kwake ilikuwa mchana. Nilisema niliyotakiwa kusema, na yeye akasema alijua niko macho, kwa sababu huwa nakoroma.

Lakini maneno ya simu yana mwisho wake. Kiangazi cha 2021 chuo kikataka vyumba vya waliokwama nje vifungwe, kila mmoja amteue mtu wa kukusanya vitu vyake. Akaniteua mimi. Nikaegemeza simu kwenye dirisha yeye akiwa kwenye video, nikaanza kufungua kabati lake. Koti la baridi: tuma. Viatu vya mpira: mpe yeyote. Unga ulioingia fukusi: tupa. Ndani ya mlango wa kabati kulikuwa na picha ya mama yake, kaibandika kwa gundi ya karatasi, na imekaa mwaka mzima na nusu kwenye unyevu wa Wuhan. Nilitumia karibu nusu saa kuibandua kwa ukucha na maji ya moto ili isichanike, yeye anaangalia, hakuna anayeongea. Ilitoka nzima. Sufuria alisema niiweke juu kabisa ya boksi, isije ikapondeka. Hakupata nafasi ya kufanya hata kimoja kati ya hivyo kwa mkono wake.

Siku ile niliamua kwamba mimi sitaondoka hivyo.

#3 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni wa upande wa pili wa hadithi yako. Niliondoka tarehe 18 Januari 2020 na begi moja la mgongoni, najua narudi baada ya wiki nne. Nimehitimu bila kukanyaga tena kule. Wanafunzi wa kigeni wameanza kupewa viza tena Agosti 2022, mimi tayari cheti nimeletewa kwa posta. Wenzangu darasani walipiga picha ya mahafali wakaacha nafasi, wakaniingiza kwa kompyuta. Naitazama ile picha: kivuli changu kinaelekea upande tofauti na cha wengine.

Kinachoniuma zaidi ni fundi viatu wa pale getini, mzee mmoja hivi. Nilimwachia raba zangu abandike soli. Nikamwambia "nitazipitia nikirudi".

#4 Mchangiaji, Dodoma

Mleta uzi nakuheshimu, ila naona mnakuza. Sisi tumesoma bweni tangu darasa la tano. Watu wanakutana na kuachana, ndiyo maisha. Aliye rafiki wa kweli atakutafuta, asiyekutafuta hakuwa rafiki. Na milima ndiyo haikutani, binadamu hukutana.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, uliosoma nao bweni bado mko nchi moja. Utamkuta stendi ya Nanenane, utamkuta kwenye harusi ya mtu. Yule Mtajiki niliyecheza naye mpira miaka minne pale Wuhan nitamkuta wapi? Nauli ya Dushanbe siipati, na yeye ya Dar haipati.

Na hilo la "atakutafuta" kwa China lina mtego ambao wengi hawaujui. WhatsApp kule imefungiwa. Rafiki yako Mchina hatakufuata WhatsApp wala Instagram, yuko WeChat. Wewe akaunti yako ya WeChat umeifungulia kwa namba ya simu ya China. Ukirudi nyumbani ile laini haina salio, inakufa, baadaye wanampa mtu mwingine. Siku umebadili simu, WeChat inataka namba ya siri iliyotumwa kwenye laini ambayo si yako tena. Hapo umepoteza watu wote kwa mkupuo, na wao wanadhani umewadharau. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege hamishia akaunti kwenye namba ya nyumbani. Ni kazi ya dakika tano. Nawajua watu wanne waliopotea hivyo, na mmoja alikuwa mchumba wa mtu.

@Mwanza, pole sana ndugu yangu. Kama kuna mtu wako bado yuko mji ule, mwombe apite pale getini. Hata kama raba hazipo, yule mzee aambiwe tu kwamba hukumkimbia.

#6 Mleta uzi

Niendelee nilipoishia. Juni 2022.

Wuhan wanaiita moja ya matanuri ya China, pamoja na Chongqing na Nanjing, na mwezi ule ilistahili jina. Nikachukua daftari nikaandika majina ya watu wa kuaga. Yalifika 31. Nikajipangia siku 20, kila siku mtu mmoja au wawili, ana kwa ana. Nilikataa kuaga kwenye grupu. Ujumbe wa grupu ni tangazo, hakuna anayeupokea kama wake.

Darasa lilikuwa na kile wanachokiita *sanhuo fan*, chakula cha kuvunja kundi. Meza ya duara, bia, nyimbo, watu wazima wanalia kwa sauti. Ilikuwa nzuri. Ila kuaga kwenyewe kulikuwa kwingine.

Kulikuwa na mama wa kibanda cha *reganmian*, zile tambi za Wuhan zinazochanganywa na uji mzito wa ufuta na figili ya kuchachusha, ambazo watu wanakula huku wanatembea kwenda kazini. Miaka yote alikuwa akiniona tu anaanza kuongeza pilipili kabla sijafungua mdomo. Nilipomwambia kesho siji tena, narudi Afrika, alisimama na kijiko mkononi, foleni nyuma yangu, akauliza, "Huko kuna ufuta?" Nikamwambia upo, Tanzania tunalima ufuta mwingi sana na mwingine unakuja hukuhuku China. Alifurahi mno. Akanifundisha palepale namna ya kuulainisha: mafuta ya ufuta kidogo kidogo, koroga upande mmoja tu. Watu wa foleni wakasubiri, hakuna aliyeguna.

Halafu *ayi* wa bwenini, yule mama mwangalizi wetu. Neno hilo Wachina wanamwitia mwanamke yeyote wa rika la mama, lakini maana yake ya ndani kabisa ni ndugu wa kike wa mama, yaani mama mdogo. Mimi nilimwita hivyo miaka mitano kabla sijajua. Katika zile siku 76 alifungiwa na sisi, mjukuu wake yuko ng'ambo ya mto. Kila asubuhi anagonga mlango na kipimajoto, anaandika kwenye karatasi, anauliza kama tumekula. Namrudishia ufunguo, nikampa khanga aliyoituma mama kutoka Tanga, jina lake *Wema hauozi*. Nikamtafsiria. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye kila herufi kana kwamba anaisoma, akaniomba nimtamkie. Akarudia: we-ma. Kesho yake alfajiri nikamkuta mlangoni na mayai ya kuchemsha sita kwenye mfuko, bado ya moto, ya kula njiani. Hakunikumbatia, wazee wa kule si watu wa kukumbatia. Alisema *man zou*.

Hilo neno ndilo analoambiwa mgeni anayeondoka. Maana yake nenda taratibu. Nilipolisikia mara ya kwanza 2017 nilidhani naambiwa njia inateleza.

#7 Mchangiaji, yuko Urusi

Kaka asante kwa uzi huu, mimi namaliza mwaka huu. Huku Warusi wana desturi yao: mtu akiwa anatoka kwa safari ndefu, mabegi yakiwa mlangoni, wote mliomo ndani mnakaa chini, hata juu ya begi, mnanyamaza kidogo. Kisha mmoja anainuka, safari inaanza. Marafiki zangu walipoondoka mwaka jana tulifanya hivyo watu sita kwenye chumba cha bweni. Ilikuwa kama dakika moja. Mpaka leo naikumbuka kuliko sherehe yote.

Swali: zawadi gani inafaa? Na marehemu baba alisoma Kharkiv, Ukraine, miaka ya 80 enzi za Usovieti, alikuwa na picha za wenzake na anwani nyuma ya kila picha. Barua zilikatika baada ya 1991. Aliziweka hadi anafariki.

#8 Mleta uzi

Mdogo wangu, hizo picha za mzee usizitupe. Na mkikaa chini siku yako, mkae kweli, simu mfukoni.

Zawadi: kitu kidogo chenye maneno kinazidi kikubwa kisicho na maneno, ndiyo maana mimi nilitegemea khanga. Za huko Urusi sizijui, naongelea China. Kule usimpe mtu saa ya ukutani hata iwe nzuri vipi, kwa sababu "kumpa saa" kunatamkika sawa na kumsindikiza mtu mazishini. Wala mwavuli, unafanana sauti na kutawanyika. Na msigawane tunda moja la pea mkiwa mnaagana, maana kugawana tunda hilo ndiyo sauti ya kutengana. Hizo nilielezwa na rafiki yangu Mchina niliyesoma naye, baada ya kuniona dukani nimeshika mwavuli. Aliuchukua taratibu akaurudisha mahali pake.

Huyu ndiye aliyenisindikiza. Siku mbili kabla alinipeleka Huanghelou, Mnara wa Korongo wa Njano, juu ya kilima upande wa Wuchang. Nilishaupita mara nyingi bila kujua kisa chake. Mnara uliopo umejengwa upya, ulifunguliwa 1985, na pale ulipokuwa wa zamani ndipo lilipopita daraja kuu la mto Yangtze la 1957. Mimi mtu wa ujenzi nilikuwa nimelichora lile daraja darasani, na sikujua limekaa juu ya nini. Akanieleza kwamba zaidi ya miaka 1,200 iliyopita mshairi Li Bai alimuaga hapo rafiki yake Meng Haoran, anashuka na mto kwa mashua, na shairi lake watoto wa Kichina wanalisoma shuleni mpaka leo. Katika shairi lile mshairi anaangalia tanga la mashua hadi linapotelea mbali, anabaki na mto.

Tukashuka tukapanda kivuko kwenda Hankou, kile cha nauli isiyofika yuan 2. Jua linazama, watu na baiskeli zao. Hatukuongea sana.

Siku yenyewe, kituo cha treni cha Wuhan, naelekea Guangzhou mwendo wa saa nne hivi, halafu Addis Ababa, halafu Dar. Ilikuwa bado zama za korona, kila mlango unaonesha msimbo wa kijani kwenye simu na majibu ya kipimo. Asiye na tiketi haingii. Akaniambia *man zou*, nikaingia. Ukaguzi, ngazi ya umeme, ukumbi. Nikiwa juu nikageuka. Yupo nje ya kioo, kasimama palepale, watu wanampita kushoto na kulia. Nikapunga, hakuniona. Alikuwa anaangalia mlango nilioingilia.

#9 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nimesoma hadi hapa nimekaa kimya. Niliyoyaandika juu nayarudisha. Nina mtu nilisoma naye Pune, India, Mnepali, sijamtafuta tangu 2016. Leo namtafuta.

Na yule Mzambia?

#10 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, ubarikiwe. Mtafute leo hiihii, usingoje kesho.

Yule Mzambia. Desemba 2023 nilipanda TAZARA pale Dar, reli waliyotujengea Wachina miaka ya 70, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi. Ningeweza kwenda kwa ndege kwa kujibana. Nilitaka kupita juu ya reli hiyo, kwa sababu sisi wawili tulijuana kulekule kwa Wachina, na mwalimu wetu mmoja wa madaraja alipenda kutusimamisha mbele ya darasa akisema hawa wawili nchi zao tuliziunganisha sisi. Siku mbili njiani. Mbuga, mahandaki ya kupanda kutoka Mlimba, ndizi za kuchoma stesheni, mpaka pale Tunduma. Kutoka Kapiri basi hadi Lusaka.

Alinipokea stendi. Kanenepa. Tulishikana mikono, hatukuachiana hadi nyumbani kwao. Mama yake, yule wa kwenye picha, alikuwa jikoni, na nshima ilikuwa inasongwa kwenye sufuria yenye doa jeusi. Akamwonesha mama yake lile doa, akaninyooshea kidole, akacheka vilevile.

Usiku nikatoa noti nne za yuan mia mia, nilizozitunza kwenye pasi yangu tangu naondoka Wuhan. Hakusema "acha ndugu yangu, si kitu". Alizipokea, akazihesabu moja moja, akaziweka mfukoni, akasema, "Sasa tumemaliza."

Nilikaa siku tisa. Basi langu la kurudi lilikuwa alfajiri, nikamuaga usiku kabisa ili nisimsumbue usingizi wake. Saa kumi na nusu nikafunga zipu ya begi polepole, nikafungua mlango wa nje. Alikuwa kibarazani, ameshavaa viatu, ananisubiri anisindikize.